Picha ya mvuke, infraredi au ya mchana: ufungue ipi ukitaka kujua dhoruba inajijenga?

Wakuu, kila masika ikianza na kila vuli ikianza napata swali lilelile. Mtu anafungua tovuti ya setilaiti, anakutana na vitufe vinne vitano vyenye majina ya ajabu, anabonyeza kimoja anaona weupe mtupu nchi nzima anashtuka, anabonyeza kingine anaona kweusi tii anapumua, alafu anazitupa zote mbili kwenye grupu na kuuliza "sasa niamini ipi?" Na zote ziko sahihi. Kila kamera inaangalia sehemu yake ya anga, shida ni kwamba tunaziuliza zote swali moja la "mvua ipo au haipo".

Nitalinganisha nne ambazo mtu wa kawaida anakutana nazo: mvuke wa juu (chaneli ya mikromita 6.2, yaani urefu wa wimbi ambalo kamera inalisoma), mvuke wa kati (7.3), infraredi ya kawaida (10.8) na picha ya mwanga wa mchana. Kwa huku kwetu nyingi zinatoka Meteosat-9, setilaiti ya EUMETSAT (shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa) iliyorushwa Desemba 2005 na ambayo tangu 2022 imewekwa nyuzi 45.5 mashariki juu ya Bahari ya Hindi, yaani karibu moja kwa moja kusini ya Mogadishu, kilomita elfu 36 kwenda juu. Inapiga picha kila dakika 15. Ipo na Meteosat-12 mpya zaidi, hiyo inapiga kila dakika 10 lakini imekaa upande wa Afrika Magharibi nyuzi sifuri, kwa hiyo sisi inatuona kwa ubavu.

Nitakavyozipima

Vitu vitano. Inaona urefu gani wa anga. Inafanya kazi saa ngapi. Inakuwahisha kiasi gani, maana kuna picha inayokuonyesha mazingira kabla wingu halijazaliwa na kuna inayokuonyesha wingu likiwa limeshakomaa. Inakudanganya wapi. Na inamfaa nani.

Kabla ya hayo yote, saa. Picha zote zina saa ya UTC, ile ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu, na hapa ndo watu wanapotea kabisa. Nimeshaona mtu kaeneza picha ya 1200 akiandika "hali ya saa sita mchana huu" wakati ni ya saa tisa alasiri. Njia yangu rahisi, chukua saa ya UTC toa tatu unapata saa ya Kiswahili papo hapo: 1200 ni saa tisa, 1500 ni saa kumi na mbili jioni, 1800 unapata kumi na tano, imezidi kumi na mbili basi toa kumi na mbili, saa tatu usiku. Inafanya kazi kwa yeyote anayetumia saa ya Afrika Mashariki.

Mvuke wa juu, 6.2

Inaona wapi: Mvuke wa maji unameza joto la mawimbi haya na kulitoa tena, kwa hiyo joto la ardhini haliifikii kamera, linakwama njiani. Linaloifikia ni la tabaka la juu lenye mvuke, kwa 6.2 ni kama kilomita nane tisa hivi, hewa ikiwa imeshiba unyevu linapanda zaidi, ikiwa kavu linashuka. Kweupe maana yake kamera imeona baridi, mvuke uko juu sana. Kweusi maana yake juu pamekauka, kamera imepenya mpaka kwenye hewa ya chini yenye joto zaidi. Hapo tu. Ndio maana Dar mwezi wa pili, joto lile la shati kugandia mgongoni kabla hujafika kituoni, unafungua picha unakuta pwani yote nyeusi. Unyevu wa shati lako uko chini kabisa na hii kamera haina habari nao.

Saa: usiku na mchana, haijali jua.

Inakuwahisha kiasi gani: Kwa mifumo mikubwa hii ndo inawahi kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha hewa yenyewe inavyotembea hata pasipo na wingu. Mfano mzuri ni ndugu zetu walioko Oman na Emirates, Aprili 2024. Ile mvua iliyoanza Oman tarehe 14 ikaja kuizamisha Dubai tarehe 16, na Khatm Al Shakla kule Al Ain wakapima milimita 254.8 ndani ya chini ya saa 24, kiwango kikubwa kuliko chochote tangu waanze kuweka kumbukumbu 1949. Mvua ya namna ile jangwani haianzii na joto la mchana peke yake, inaanzia juu, bonde la hewa baridi linashuka kutoka kaskazini na kuinyanyua hewa yenye unyevu wa bahari. Bonde kama hilo kwenye picha ya mvuke linaonekana kama mkunjo, upande mmoja mweusi upande mwingine mweupe, na mpaka kati yao ni mkali kama umekatwa na wembe. Ukiwa Muscat ukiona mkunjo huo unakujongelea siku mbili mfululizo, una sababu ya kupaki gari mbali na wadi, ile mito mikavu ya jangwani.

Huku ikweta ni tofauti na lazima niseme ukweli, mikunjo ya hivyo hatuipati mara kwa mara. Picha nyingi za mafunzo unazokuta mtandaoni ni za Marekani au Ulaya, zimejaa mikondo ya upepo wa juu na mapinda mazuri, mtu akija kutafuta hayo juu ya Tabora anaishia kuchoka. Kwetu 6.2 inalipa kwenye mambo mawili. Moja ni kuona kama juu ya wingu hewa inatawanyika kama feni, nyuzi nyeupe zikitoka pande zote, hiyo inamaanisha moshi wa jiko una pa kutokea na wingu linaweza kuendelea kupanda. La pili ni kimbunga. Kimbunga kikiwa baharini unaangalia kama kimezungukwa na weupe pande zote au kuna ulimi mweusi unaingia kwenye tumbo lake. Ulimi mweusi ukiingia, hewa kavu inakatisha mvua za ndani na kimbunga kinaanza kuchakaa, hasa kikiwa kidogo na upepo wa juu ukipishana na wa chini.

Inakudanganya wapi: Kweupe kunaweza kuwa ni nyuzi za barafu zilizobaki za wingu la jana, hakuna hata tone. Kweusi watu wanasoma "salama", nitarudi hapo chini maana ndipo panaponiuma.

Inamfaa: anayefuatilia kimbunga siku tatu nne kabla, wa Ghuba, wa kusini mwa Afrika, na mwanafunzi wa hali ya hewa.

Mvuke wa kati, 7.3

Inaona wapi: kama kilomita tano hivi kwenda juu. Bado haifiki chini, usidanganyike na jina, ile hewa yenye unyevu inayotambaa kilomita moja mbili kutoka ardhini ikilisha mawingu hii nayo haiioni vizuri.

Saa: saa zote.

Inakuwahisha kiasi gani: masaa, sio siku. Na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ni chaneli ambayo watu wanairuka, mi mwenyewe niliiruka miaka.

Nina shemeji anavua dagaa Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, zamani karabai siku hizi taa za sola zinaelea majini. Usiku mmoja alinipigia kutoka mwaloni kabla hawajatoka, mtandao unakatakata, akauliza tu "juu pakoje?" Nikafungua picha ya mvuke nikaona kweusi kuanzia Sengerema mpaka Ukerewe, nikamwambia pasafi. Asubuhi akanipigia tena, sauti imekauka. Anasema nyota zilikuwa zinaonekana, wingu lilikuwa moja tu mbali upande wa mashariki, alafu upepo ukaja kabla ya mvua, baridi, ghafla, taa mbili zikaenda, wakakata kamba ya nyavu kuokoa mtumbwi. Mvua yenyewe aliihesabu, haikufika dakika kumi.

Nilichokuwa nimekosea ni hiki. Chini ziwani hewa imeshiba, ziwa lenyewe ni jiko. Juu yake, kilomita tano hivi, palikuwa pakavu. Wingu likifaulu kutoboa, mvua yake inadondoka kupita kwenye hewa kavu, matone yanakauka njiani, na kukauka kunapoza hewa vilevile jasho linavyokupoza, sasa hewa iliyopoa ni nzito, inaporomoka kama maji ya ndoo iliyopinduliwa, ikigonga maji inatawanyika pande zote. Huo ndio upepo uliomfikia shemeji kabla ya mvua. Kwa hiyo kweusi kwenye 7.3 kuna maana mbili: mawingu mengi yatashindwa kukua, na yale machache yatakayoweza yanaweza kuja na upepo mbaya kuliko mvua. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni habari ya kawaida. Kwa mtu aliye kwenye mtumbwi wa mbao ni habari nyingine kabisa.

Inakudanganya wapi: haikuambii wingu litatobolea wapi, inakuambia tu likitoboa litakutana na nini. Na ukiitumia peke yake utakuwa kama mimi usiku ule.

Inamfaa: anayejua tayari kuna mawingu yanajijenga (kaona kwenye infraredi) na anataka kujua yatakuwa ya mvua nyingi au ya upepo. Hewa nyeupe kote, 6.2 na 7.3, tegemea mvua ndefu ya kujaza mito. Weusi kwenye 7.3 na wingu moja linalopanda kwa kasi, tegemea upepo.

Infraredi ya kawaida, 10.8

Inaona wapi: inapita kwenye mvuke karibu bila kusumbuliwa, inasoma joto la chochote kilicho juu kabisa, kama ni wingu inasoma kilele chake, kama hakuna wingu inasoma ardhi au maji.

Saa: zote, na kwa Ziwa Victoria hii ni hoja kubwa, maana dhoruba za ziwani zinapenda kuanzia usiku wa manane mpaka asubuhi, upepo wa nchi kavu unapotoka pande zote na kukutana katikati ya maji.

Inakuwahisha kiasi gani: kidogo. Inakuonyesha mtoto aliyeshazaliwa. Lakini inakuonyesha anavyokua, na hapo haina mpinzani: chukua picha nne mfululizo, saa nzima, kama kilele kimetoka nyuzi 20 chini ya sifuri kikafika 60 chini ya sifuri, lile wingu limepanda kama lifti na linakuja na radi. Vilele vya 70 mpaka 80 chini ya sifuri kwetu vinamaanisha wingu limegonga dari la anga, kilomita kama 16 hivi.

Inakudanganya wapi: sehemu mbili. Mawingu membamba ya juu yanaonekana baridi na ya kutisha na hayana kitu. Na kinyume chake, mvua za masika asubuhi kule Tanga, Pemba, Unguja, mara nyingine zinatoka kwenye mawingu ya chini yasiyo baridi sana, picha inaonyesha kijivu tu huku nyie mnaloa. Usiku wingu la chini na bahari vinakaribiana joto, unaweza usilione kabisa.

Inamfaa: karibu kila mtu mwenye swali la "masaa matatu yajayo". Dereva wa basi la usiku, mvuvi, mwenye harusi ya uwanjani. Programu nyingi za simu zikikuonyesha "mawingu" usiku ni hii zimeipaka rangi.

Picha ya mchana

Inaona mawingu kama jicho lingeyaona kutoka juu, na ndiyo yenye ncha kali kuliko zote, kwenye Meteosat-9 ile ya ubora wa juu inafika kilomita moja chini ya setilaiti wakati hizo nyingine ni kilomita tatu. Kuanzia kama saa nne asubuhi unaona vijiwingu vidogo kama bisi vikijipanga kwa mstari, pwani mstari huo unafuata upepo wa bahari ukiingia nchi kavu, na dhoruba ya alasiri mara nyingi inazaliwa juu ya mstari. Infraredi itakuja kuuona nusu saa au saa baadaye. Kilele chenye matuta kama koliflawa kinachopiga kivuli, hicho kinachemka bado. Kilele laini kimeshapoa.

Jua likizama imekwisha habari yake. Inadanganya jioni, vivuli virefu vinafanya kila wingu lionekane jitu. Inamfaa rubani wa ndege ndogo, mkulima mwenye mpunga juani, watu wa safari za mbugani.

Mchanganyiko wa rangi

Kuna picha za rangi ambazo zinachanganya chaneli kadhaa, ile ya "hewa" inayotumia tofauti ya 6.2 na 7.3 pamoja na ozoni, na ile ya dhoruba kali. Ni nzuri ila usianzie huko, ukianza na rangi hujui unachoangalia ni nini, ni kama kujifunza mapishi kwa kuonja biriani. Ujanja mmoja tu nitauacha hapa: mahali ambapo 6.2 inaonyesha joto la juu kidogo kuliko 10.8 kwenye kilele kilekile, wingu limegonga au kutoboa dari, maana juu yake kuna mvuke wa tabaka la juu ambao una joto kuliko kilele chenyewe. Ukiona hivyo usitoke na mtumbwi.

Zilivyosaidiana wakati wa Hidaya

Mei 2024 wengi tulikesha na Kimbunga Hidaya. Kilifikia hadhi ya kimbunga kamili tarehe 3, kikaingia Mafia tarehe 4 kikiwa kimeshapungua nguvu. Watu waliokuwa wanatazama kilele tu kwenye infraredi walianza kusema kimekwisha, na kweli upepo ulikuwa umeshuka, ila mvua haikuwa na habari hiyo, Kilwa na Lindi zikala maji na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Somo nililochukua pale ni kwamba kimbunga kikichakaa nisiangalie jicho, niangalie mvuke umeenea upande gani, kwa sababu hewa iliyoshiba inaendelea kumwaga hata mfumo ukishakosa umbo. Kesi ya Kimbunga Jobo, Aprili 2021, ilikuwa kinyume, Dar ilijiandaa na kikaisha baharini kabla ya kutua. Watu walilalamika walitishwa bure. Mi sioni hivyo.

Sasa wewe ufungue ipi

Kama kuna jina la kimbunga kwenye taarifa na bado kiko upande wa Madagaska au Komoro, anza na 6.2, iendeshe kama video ya masaa 24 na sio picha moja, tafuta ulimi mweusi. Kikiwa ndani ya siku moja hamia infraredi, na usiiache 6.2 kabisa.

Uko Mwanza, Musoma, Kisumu, Kalangala na swali lako ni usiku huu: saa kumi alasiri angalia picha ya mchana, mawingu makubwa ya radi juu ya nchi kavu kuzunguka ziwa, maana uchunguzi wa setilaiti umeonyesha alasiri yenye dhoruba kali nchi kavu mara nyingi inafuatwa na usiku mbaya ziwani. Jioni fungua 7.3 ujue hewa ya kati ikoje. Kuanzia saa nne usiku ni infraredi kila baada ya dakika 15 kama bando linaruhusu.

Uko pwani masika, mvua za asubuhi: usitegemee setilaiti peke yake, chaneli yoyote, hapo radar na taarifa ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) zinashinda. Kwa ujumla picha yangu ikipingana na rangi ya tahadhari ya TMA, iwe njano, machungwa au nyekundu, nafuata yao. Wao wana radar na vituo vya ardhini, mi nina simu yenye kioo kilichopasuka.

Uko Muscat au Dubai, Novemba mpaka Aprili, 6.2 iwe ya kwanza kufungua asubuhi. Kiangazi, mawingu ya milima ya Hajar yanachomoza mchana, tumia ya mchana.

Mwanafunzi, zifungue zote nne za saa moja, zipange, tafuta wingu moja na ulifuate kwenye kila picha mpaka ujue kwa nini linaonekana tofauti. Utatumia jioni nzima. Kwenye tovuti ya EUMETSAT zipo bure.

Na kama bando ni la picha moja tu kwa siku, chukua infraredi ya 1500 UTC. Shemeji nilimwelekeza hiyo, sasa hivi ananitumia yeye kabla sijaulizwa, kaizungushia duara jekundu wingu analolishuku na chini kaandika saa kwa Kiswahili.